Namna ya Kuwahamasisha Watu Wajitokeze Kupiga Kura: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wiki za Mwanzo Hadi Vituo Vinapofungwa

Miongoni mwa watu ambao hawakufika kituoni siku ya uchaguzi, wapo wengi ambao hawakuwahi kuamua kutopiga kura. Walikusudia kwenda, kadi walikuwa nayo, na hata mgombea wao walikuwa wamekwisha kumchagua. Lakini asubuhi alizuka mgonjwa wa kupelekwa hospitali, mchana wakasikia kwamba foleni ni ndefu, na jioni walipopata nafasi kituo kilikuwa kimefungwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kuwasaidia watu wa namna hiyo, awe kijana katika ukoo wake, kiongozi wa kikundi cha akina mama, mwalimu, au mtu asiye na cheo chochote ambaye hapendi kuona jirani yake akiamuliwa mambo na wengine. Hauhusu kumnadi mgombea yeyote. Unahusu kumfikisha mpiga kura kwenye sanduku la kura akiwa huru, akiwa na kitambulisho chake na kabla ya muda kwisha. Msimamo wangu tangu mwanzo ni kwamba kazi hii hufanikiwa zaidi kwa mazungumzo ya mtu na mtu yanayoishia kwenye ratiba kuliko kwa hotuba, mabango na jumbe zinazotumwa kwa maelfu kwa mkupuo.

Hatua ya kwanza: Fahamu sheria kabla ya kumgongea mtu mlango

Kila nchi ina sheria yake ya uchaguzi, na jambo linaloruhusiwa upande mmoja wa mpaka linaweza kuwa kosa la jinai upande wa pili. Kwa hiyo tafuta mwongozo wa tume ya uchaguzi ya nchi yako, ukiwa umechapishwa au kwenye tovuti yake, na usome sehemu zinazohusu elimu ya mpiga kura, mwisho wa kampeni, na mwenendo unaotakiwa karibu na kituo. Katika nchi nyingi kampeni hukoma kabla ya siku ya kupiga kura, na mavazi au alama za chama haziruhusiwi kituoni. Baadhi ya nchi huwataka watu na asasi zinazotoa elimu ya mpiga kura kwa umma kuomba kibali. Kumkumbusha ndugu yako aende kupiga kura hakuhitaji kibali, lakini kuitisha mkutano wa hadhara au kugawa vipeperushi kunaweza kukihitaji.

Jambo moja halina mjadala: usitoe fedha, chakula wala zawadi ili mtu aende kupiga kura, hata kama hutaji mgombea yeyote. Katika nchi nyingi hilo ni rushwa ya uchaguzi, na hata pale ambapo sheria haikukaza, huwafundisha watu kuingojea zawadi nyingine uchaguzi ujao. Kuhusu usafiri, uliza kwanza. Nchini India, kwa mfano, mgombea au wakala wake haruhusiwi kukodi magari ya kuwabeba wapiga kura bure, ingawa mtu kwenda kituoni na familia yake kwa gari lake mwenyewe si kosa.

Hatua ya pili: Andika orodha ya watu wanaokufahamu

Kosa la kawaida la mtu mwenye ari ni kutaka kuwafikia wote. Chukua daftari, uandike majina ya watu ishirini au thelathini ambao ukiwapigia simu watapokea na ukifika kwao watakukaribisha kiti. Anza na wa nyumbani, kisha ndugu, majirani, mnaofanya kazi pamoja, mnaosali pamoja na mnaokutana kwenye kikundi. Mbele ya kila jina acha nafasi ya kujaza mambo machache: kama amejiandikisha, kituo chake ni kipi, kama kadi au kitambulisho chake kiko mkononi, na ni jambo gani linaloweza kumzuia siku hiyo. Usiandike namba za vitambulisho vya watu, usiulize wala kuandika wanampigia nani, na usimpe mtu mwingine orodha hiyo, kwa kuwa orodha ya wapiga kura ikiangukia mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya huwa chombo cha kuwatisha.

Ukimaliza, weka alama kwenye majina ya watu wa makundi matatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayostahili muda wako mwingi: wanaopiga kura kwa mara ya kwanza, wanaoishi peke yao, na waliohamia makazi mapya tangu uchaguzi uliopita. Yule mzee ambaye hajawahi kukosa uchaguzi hata mmoja hahitaji kuhimizwa, ila anaweza kuwa msaidizi wako wa kwanza.

Hatua ya tatu: Hakikisha daftari, kadi na kituo

Hamasa yote huishia patupu mtu akifika kituoni na kuambiwa kwamba jina lake halimo. Uhakiki wa daftari la wapiga kura una tarehe zake, na zikipita hakuna afisa wa kituo awezaye kukusaidia. Kwa hiyo jambo hili lifanyike mapema, wakati marekebisho bado yanapokelewa. Kila aliye kwenye orodha yako aangalie jina lake kwa njia ambayo tume imeiweka, iwe ni kwa ujumbe wa simu, kwenye tovuti, au kwenye karatasi zilizobandikwa hadharani. Aangalie herufi za jina, tarehe ya kuzaliwa na kituo. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa, aliyepoteza kadi na aliyehama wote wana taratibu zao, na taratibu hizo huchukua muda.

Kituo kinastahili uangalifu wa pekee kwa sababu mara nyingi watu huenda pale walipopigia kura safari iliyopita bila kuuliza. Mwaka 2003, katika uchaguzi maalumu wa jimbo la California nchini Marekani wa kuamua kama gavana aondolewe, idadi ya vituo katika wilaya ya Los Angeles ilipunguzwa na wapiga kura wengi wakahamishiwa vituo vipya. Watafiti waliolinganisha waliohamishwa na wasiohamishwa waligundua kwamba kupiga kura kituoni kulipungua kwa takriban pointi 3 za asilimia, yaani watu watatu hivi katika kila mia, miongoni mwa waliohamishwa. Baadhi yao walipiga kura kwa njia ya posta badala yake, lakini wengine waliachia hapo. Sehemu ya hasara hiyo ilitokana na umbali, na sehemu nyingine na usumbufu wa kutafuta mahali papya. Usumbufu wa kutafuta unaweza kuuondoa kabisa kwa kumwonyesha mtu kituo chake mapema, na ikiwezekana kupita naye hapo siku mnapokuwa na safari nyingine ya upande huo.

Hatua ya nne: Zungumza, na uzungumze ana kwa ana

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Mwaka 1998 Alan Gerber na Donald Green, wa Chuo Kikuu cha Yale, walifanya jaribio katika mji wa New Haven nchini Marekani kwa wapiga kura wapatao 30,000. Kwa kuchaguliwa kama bahati nasibu, baadhi yao walitembelewa nyumbani, wengine wakaandikiwa barua, wengine wakapigiwa simu na wafanyakazi wa kampuni, na wengine hawakufanyiwa lolote. Baada ya uchaguzi waliangalia kumbukumbu rasmi kuona nani alipiga kura. Barua zilisaidia kidogo tu, na simu zilizosomwa kutoka kwenye karatasi hazikuleta tofauti ya maana. Lakini miongoni mwa waliokutwa mlangoni na kuzungumzishwa, kiwango cha kujitokeza kilipanda kwa pointi 8 au 9 za asilimia. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba simu nazo hufaa zikipigwa na mtu wa kujitolea anayeongea bila haraka na kusikiliza. Kinacholeta tofauti, basi, ni mtu kuhisi kwamba kuna binadamu mwenzake aliyemkumbuka yeye hasa.

Faida ya mazungumzo hayo haiishii kwa uliyezungumza naye. Katika jaribio lililofanyika mwaka 2002 katika miji ya Denver na Minneapolis, mtafiti David Nickerson alizihusisha nyumba zenye wapiga kura wawili, ambamo mmoja tu ndiye aliyehimizwa mlangoni, naye aligundua kwamba takriban asilimia 60 ya athari ya mazungumzo hayo ilimfikia na yule ambaye hakuzungumzishwa. Ukimshawishi mama wa nyumba, huenda umemshawishi na mumewe aliyekuwa kazini.

Mazungumzo yenyewe yasiwe mahubiri. Msalimie mtu kama ipasavyo, muulize habari zake, kisha mweleze kwa ufupi kilichokuleta, na umwachie nafasi ya kusema. Muulize ni jambo gani katika maisha yake analotaka lishughulikiwe, liwe ni maji, shule ya watoto, bei ya pembejeo au usalama wa barabara, na mtafakari pamoja ni nani kati ya wanaochaguliwa mwenye mamlaka juu ya jambo hilo. Mara nyingi huwa ni diwani au mbunge, wala si rais. Watu wanaoona kwamba kura ya rais iko mbali nao huchangamka wanapokumbushwa kwamba siku hiyo hiyo wanamchagua pia mtu atakayekaa kwenye kikao cha kugawa fedha za zahanati yao.

Tarajia pingamizi, na uzijibu kwa heshima. Anayesema kwamba kura moja haibadilishi kitu asijibiwe kwa kauli tupu, bali apewe mifano. Nchini Ghana, duru ya pili ya uchaguzi wa rais iliyofanyika Desemba 2008 iliamuliwa kwa tofauti ya kura 40,586 kati ya zaidi ya milioni 9, maana yake ni chini ya nusu asilimia. Katika jimbo la Virginia nchini Marekani, uchaguzi wa Novemba 2017 wa kiti kimoja cha baraza la kutunga sheria la jimbo hilo uliishia kwa wagombea wawili kupata kura 11,608 kila mmoja. Mshindi alipatikana Januari 2018 kwa jina kuchomolewa kutoka kwenye bakuli, na kiti hicho ndicho kilichoamua kama chama kimoja kiwe na wingi wa wajumbe katika baraza zima au vyama viwili vigawane viti nusu kwa nusu. Mtu mmoja aliyebaki nyumbani angeweza kuyabadilisha yote hayo. Ni haki pia kukiri kwamba chaguzi nyingi haziamuliwi kwa kura moja. Hata hivyo, hesabu za kura za eneo husomwa na viongozi, na eneo ambalo watu wake hawajitokezi ni rahisi kusahauliwa.

Anayesema kwamba wanasiasa wote ni wale wale ana uchungu ambao huenda una sababu. Usimbishie uchungu wake. Muulize iwapo viongozi wote wa eneo lake, tangu alipoanza kupiga kura, walikuwa sawa kabisa kwa utendaji, na umwache ajibu mwenyewe. Anayeogopa vurugu aelezwe ukweli kuhusu hali ilivyo katika eneo lake, saa ambazo kituo huwa kimetulia, na nani anaweza kuandamana naye. Na anayekwambia waziwazi kwamba amefikiri na hataki kupiga kura, mshukuru kwa kukusikiliza na uende kwa mwingine. Katika nchi ambazo sheria haimlazimishi mtu, kutopiga kura ni haki yake. Zipo nchi zinazolazimisha, mojawapo ikiwa Australia, iliyopitisha sheria hiyo mwaka 1924 baada ya uchaguzi wa 1922 ambapo chini ya asilimia 60 ya waliojiandikisha walijitokeza, na katika uchaguzi wa 1925 waliojitokeza wakazidi asilimia 91. Wewe huna sheria ya namna hiyo mkononi, una ushawishi tu, na ushawishi huharibika ukigeuka usumbufu.

Kuna mambo mawili ya kuepuka katika maneno yako. La kwanza ni kulalamika kwamba watu wa siku hizi hawapigi kura. Gerber na mwenzake Todd Rogers walionyesha kwamba mtu anayeambiwa kuwa wengi watajitokeza huwa na nia kubwa zaidi ya kwenda kuliko anayeambiwa kuwa idadi inashuka, kwa kuwa binadamu huangalia wenzake wanafanya nini. Ikiwa majirani wengi wanapanga kwenda, sema hivyo, mradi iwe ni kweli. La pili ni kuaibisha. Katika jimbo la Michigan nchini Marekani mwaka 2006, barua zilizoahidi kuwafichulia majirani nani amepiga kura na nani hakupiga zilipandisha idadi ya wapiga kura kwa takriban pointi 8, na matokeo hayo yamewatamanisha wengi kutumia vitisho vya namna hiyo. Mimi nashauri usivitumie kabisa. Utabaki kuishi na watu hao baada ya uchaguzi, na mahali ambapo siasa zina joto, kutangaza nani alikwenda na nani hakwenda kunaweza kumletea mtu madhara. Shukrani ni njia salama zaidi: mwambie mtu kwamba unathamini kuwa alipiga kura safari iliyopita, na kwamba unatumaini kumwona tena.

Hatua ya tano: Geuza nia iwe ratiba

Mtu akikwambia "nitakwenda", kazi yako haijaisha. Wakati wa uchaguzi wa mchujo wa mwaka 2008 katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Nickerson na Rogers walipanga wapiga kura wapigiwe simu, na baadhi yao wakaulizwa maswali matatu ya ziada: utakwenda saa ngapi, utakuwa unatokea wapi, na utakuwa unafanya nini kabla ya kwenda. Maswali hayo hayakuwa na ushawishi wowote wa kisiasa, lakini yalipandisha idadi ya waliojitokeza kwa takriban pointi 4 za asilimia. Kwa nyumba zenye mpiga kura mmoja tu ongezeko lilikuwa karibu pointi 9, ilhali katika nyumba zenye wapiga kura wengi hapakuwa na ongezeko la maana, yaelekea kwa sababu watu wanaoishi pamoja huwa wamekwisha kupanga wenyewe. Ndiyo maana nilikushauri uweke alama kwenye majina ya wanaoishi peke yao.

Mazungumzo ya kupanga yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, shangazi. Jumapili umepanga kwenda kituoni saa ngapi?"

"Marahaba. Nitakwenda tu, mwanangu, nikimaliza shughuli zangu."

"Shughuli za Jumapili huwa zinakwisha saa ngapi?"

"Mpaka kama saa nane hivi."

"Kituo kinafungwa saa kumi, na mchana foleni huwa ndefu. Je, ukienda asubuhi kabla ya shughuli? Nitakupitia saa moja kasorobo, tutembee pamoja."

"Basi nipitie. Lakini wajukuu nitamwachia nani?"

Swali hilo la mwisho ndilo ulilokuwa unalitafuta, kwa kuwa kizuizi halisi hakijitokezi mpaka mtu aanze kuiona siku yenyewe mbele yake, saa kwa saa. Andika saa mliyokubaliana, jina la atakayeandamana naye, na kizuizi kilichotajwa pamoja na suluhisho lake. Kisha mwombe ayarudie kwa maneno yake mwenyewe.

Hatua ya sita: Ondoa vizuizi kimoja baada ya kingine

Vizuizi vingi vinafanana kutoka nyumba hadi nyumba, hivyo vinaweza kutatuliwa kwa pamoja. Majirani watatu wenye watoto wadogo wanaweza kupokezana: wawili wanakwenda kituoni na mmoja anabaki na watoto wote, kisha wanabadilishana. Wafanyakazi wa zamu waulize mapema, maana katika nchi nyingi siku ya uchaguzi ni ya mapumziko au sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi muda wa kwenda kupiga kura. Walinzi, wauguzi na madereva, ambao mara nyingi hubaki kazini hata siku za mapumziko, ni vema wakaombe nafasi hiyo siku kadhaa kabla.

Wenye ulemavu, wazee na wajawazito wanastahili kuulizwa wanahitaji nini, badala ya kukisiwa. Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, kinatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kupiga kura kwa siri, na kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe pale anapohitaji. Mahali pengi watu hawa, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, hupewa kipaumbele kwenye foleni, ila wengi wao hawajui au wanaona haya kuomba. Waambie kwamba hawaombi fadhila. Na ikiwa wewe ndiwe utakayechaguliwa kumsaidia mtu kuweka alama kwenye karatasi yake, weka alama pale alipokuelekeza, kisha usiyaseme uliyoyaona kwa yeyote maisha yako yote.

Hatua ya saba: Mweleze mpiga kura mpya kitakachotokea ndani

Vijana wengi hawasemi kwamba wanaogopa kituo, lakini hofu ya kuonekana mshamba mbele ya foleni huwafanya waahirishe. Kwa hiyo eleza hatua zote kwa utulivu, kwa kufuata utaratibu wa nchi yenu. Kwa kawaida mpiga kura hutoa kitambulisho, karani hulitafuta jina lake daftarini, hupewa karatasi ya kura, moja au zaidi, huingia peke yake sehemu iliyokingwa, huweka alama, hukunja karatasi ili alama isionekane, huitumbukiza kwenye sanduku husika, na katika nchi nyingi hupakwa wino kidoleni ili asirudi kupiga mara ya pili. Mawakala wa vyama atakaowakuta wamekaa humo wapo ili kuangalia utaratibu. Hawana ruhusa ya kumwelekeza ampigie nani.

Tafuta karatasi ya mfano iliyotolewa na tume, mfanye mazoezi ya kuweka alama. Kura huharibika mtu anapoweka alama kwa wagombea wawili kwenye nafasi moja, anapoandika jina lake, au anapoweka alama mahali pasipoeleweka. Ule uchaguzi wa Virginia uliokwisha kwa sare ulikwama kwenye karatasi moja ambayo mpiga kura alikuwa ameweka alama kwa wagombea wote wawili na kumkata mmoja kwa mstari, hadi majaji wakalazimika kuamua ihesabiwe vipi. Anayekosea aelewe kwamba, kabla hajaitumbukiza karatasi sandukuni, katika nchi nyingi anaweza kumrudishia afisa na kupewa nyingine. Mwonye pia asipige picha karatasi yake, kwa sababu katika nchi nyingi ni kosa, na picha hiyo ndiyo ushahidi ambao mnunuzi wa kura huudai.

Hatua ya nane: Tumia simu na mitandao kukumbusha

Ujumbe wa simu haumshawishi asiyetaka, ila humkumbusha aliyekwisha kupanga. Tuma mmoja siku moja kabla, wenye jina lake, saa mliyokubaliana, kituo chake na kitambulisho anachopaswa kubeba. Ujumbe wa aina moja uliotumwa kwenye kundi la watu mia mbili hupita machoni bila kusomwa. Hata mitandao ya kijamii hufanya kazi zaidi pale inapobeba sura za watu tunaowafahamu. Tarehe 2 Novemba 2010, siku ya uchaguzi wa bunge la Marekani, Facebook iliwahusisha watumiaji milioni 61 katika jaribio: walioonyeshwa kikumbusho pamoja na picha za marafiki zao waliokwisha kupiga kura walijitokeza zaidi kidogo, ilhali kikumbusho kisicho na picha za marafiki hakikuleta tofauti. Kwa hiyo siku ya uchaguzi mwombe kila aliyepiga kura aseme hivyo kwa rafiki zake wa karibu, bila kutaja aliyempigia.

Uvumi nao huenea kwa njia hizo hizo. Utasikia kwamba uchaguzi umeahirishwa, kwamba kituo kimehamishwa, kwamba kura sasa zinapigwa kwa simu, au kwamba wa jina la herufi fulani watapiga kesho yake. Usisambaze chochote kuhusu tarehe, saa au mahali kabla hujakiona kwenye tangazo la tume yenyewe. Ukikanusha, anza na taarifa sahihi, kwa sababu wengi husoma sentensi ya kwanza tu.

Hatua ya tisa: Siku yenyewe

Piga kura yako mapema, vituo vinapofunguliwa. Utajua foleni ikoje, kama vifaa vimefika na kama kuna mlango uliobadilishwa, na taarifa hizo utawapa wenzako zikiwa za kweli. Kisha gawaneni kazi: mmoja awe wa simu, mwingine wa kuwapitia wazee, mwingine abaki na watoto. Msijipange ndani ya kituo wala karibu na mlango wake, na msiulize mtu yeyote kura yake. Vaeni nguo zisizo na rangi wala alama za chama chochote, hata kama wote mnajulikana mnaegemea wapi.

Kila mtu anapomaliza, weka alama kwenye jina lake. Kufikia saa sita mchana utaona waliobaki, na hapo simu zianze. Usimuulize mtu kwa nini hajaenda. Muulize ni kitu gani kimetokea na mnaweza kufanya nini sasa. Huyu ana mgonjwa, basi mtu akae na mgonjwa kwa muda. Yule alifika akaona foleni akarudi, basi mwambie foleni imepungua, ikiwa kweli imepungua. Mwingine ameambiwa jina lake halipo: asiondoke kwa hasira, bali amwombe msimamizi wa kituo aangalie tena, kwani mara nyingine jina huwa kwenye chumba cha jirani ambako daftari limegawanywa kwa herufi.

Saa mbili za mwisho zishughulikie kwa bidii kuliko zote. Katika nchi nyingi, mtu aliyekwisha kuwa kwenye foleni wakati wa kufunga unapofika huruhusiwa kupiga kura hata kama zamu yake itafika baada ya saa hiyo. Hakikisha sheria yenu inasema hivyo, kisha mjulishe kila aliye njiani, kwa sababu wapo wanaogeuka nyuma wakiwa hatua chache kutoka kituoni, na wapo wanaoacha foleni kwa kudhani wamechelewa. Wabebeeni walioko kwenye foleni kiti kwa mzee, mwavuli kwa mama mwenye mtoto, na maji ikiwa sheria inaruhusu. Mkiona mtu anatishwa au ananyimwa haki yake, msijibizane. Andikeni saa, mahali na kilichotokea, mkamweleze msimamizi wa kituo, na ikishindikana mpigie tume kwa namba iliyotangazwa.

Hatua ya kumi: Baada ya vituo kufungwa

Washukuru watu mmoja mmoja, waliompigia uliyempenda na waliompigia mwingine, kwani huwezi kuwajua wala huna haja ya kuwajua. Orodha yako iangalie tena ndani ya juma hilo, ukiwa bado unakumbuka. Watafiti wa New Haven waliporudi kuangalia kumbukumbu za uchaguzi wa mwaka 1999, waligundua kwamba watu waliohimizwa mwaka 1998 walijitokeza zaidi tena, bila mtu kuwafuata mara ya pili, na hivyo jina lililowekwa alama kwa mara ya kwanza lina thamani kuliko linavyoonekana. Majina yaliyobaki bila alama yaandikie sababu: huyu hakuwa na kadi, huyu alikuwa amehama bila kubadilisha taarifa zake, yule alitimiza umri baada ya daftari kufungwa. Hao ndio utakaoanza nao tume itakapotangaza kwamba uandikishaji umefunguliwa tena. Wapeleke ofisini katika siku za mwanzo, wakati maafisa wana nafasi ya kusikiliza shida ya mtu mmoja mmoja na foleni bado ni fupi.